Namna ya Kuandika Tafakuri ya Picha Uliyoipiga: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Mwanza

Kila mwisho wa muhula, wanafunzi wa klabu ya picha ninayoisimamia hapa Mwanza hubandika ukutani picha walizozichagua, na chini ya kila picha huweka karatasi yenye maelezo waliyoyaandika wenyewe. Miaka ya mwanzo karatasi hizo zilifanana kiasi kwamba ungeweza kuzihamisha kutoka picha moja kwenda nyingine na mtu asigundue: "Picha hii inaonyesha uzuri wa ziwa letu," "Picha hii inaonyesha maisha ya wavuvi," "Picha hii inatufundisha kutunza mazingira." Hakuna uongo ndani ya sentensi hizo, lakini mpiga picha mwenyewe hayumo. Msomaji hawezi kujua alisimama wapi, kwa nini alibonyeza wakati ule na si dakika moja kabla, wala alipoitazama picha yake baadaye aligundua nini ambacho hakukijua alipokuwa ameishika kamera.

Ninaposema tafakuri ninamaanisha maandishi mafupi, ya ukurasa mmoja au mmoja na nusu, ambamo mpiga picha anapima pengo lililopo kati ya alichokiona kwa macho, alichokikusudia, na kilichobaki kwenye picha. Pengo hilo lipo katika kila picha, hata ile nzuri sana, na ndilo linalomfundisha mpiga picha. Mwanafunzi akilificha ili aonekane kwamba kila kitu kilikwenda alivyopanga, anakuwa ameitupa sehemu ya thamani zaidi ya kazi yake.

Daftari kwanza

Tafakuri huanza kuandikwa palepale picha inapopigwa, hata kama ni mistari mitano tu. Simu huhifadhi tarehe na saa, na mara nyingine huhifadhi mahali, lakini haihifadhi mama yule alisema nini alipoombwa ruhusa, upepo ulikuwa ukitoka ziwani au nchi kavu, wala nini kilikuwepo upande wa kushoto ambao haukuingia kwenye fremu. Andika mambo hayo kwa kalamu kabla hujaondoka. Andika pia jina la mtu uliyempiga picha, kama amekubali kulitaja, na shughuli yake kama anavyoieleza yeye. Niliwahi kutundika picha ya mzee mmoja karibu na kivuko cha Kamanga nikaandika "mvuvi" kwa sababu tu alikuwa ameshika wavu. Alikuwa fundi wa mitumbwi, na wavu ule alikuwa amemshikia jirani yake kwa dakika chache. Nilibadilisha karatasi, lakini watu wengi walikuwa wameshaisoma.

Kuna mfano mkubwa zaidi ambao huwasimulia wanafunzi wapya. Mwezi Machi 1936, mpiga picha wa Marekani, Dorothea Lange, alifika kwenye kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, akampiga picha mama mmoja akiwa na watoto wake, na picha mojawapo ikawa miongoni mwa zinazojulikana zaidi duniani. Lange hakumwuliza mama yule jina lake. Mwaka 1960, alipoandika kumbukumbu za siku ile, alieleza kwamba familia hiyo ilikuwa imeuza matairi ya gari ili ipate chakula. Mwaka 1978 ndipo mama huyo, Florence Owens Thompson, alipojulikana hadharani kwa jina, na familia yake ikakanusha kwamba waliwahi kuuza matairi. Simtaji Lange ili kumlaumu, kwa maana alikuwa mpiga picha makini sana. Lakini miaka 24 ilikuwa imepita, na kumbukumbu isiyo na daftari hujaza yenyewe mahali palipo wazi. Yako itafanya hivyo katika muda wa wiki mbili.

Kuchagua picha ya kuandikia

Tandaza picha zote za siku ile, zikiwemo zilizoharibika, kisha usichague ile uliyosifiwa. Chagua ile inayokusumbua: ambayo ulidhani ni nzuri ulipoipiga na sasa huna hakika, au ambayo ulitaka kuifuta lakini kila ukipita unarudi kuitazama. Picha iliyokamilika machoni pako itakuacha bila la kusema.

Ichapishe hiyo moja. Karatasi ya kawaida ya steshenari inatosha, wala hakuna haja ya kwenda studio. Nasisitiza hili kwa sababu kwenye kioo cha simu kidole hutangulia jicho. Tunapitisha picha kabla hatujaiona, na tukitaka kuona zaidi tunavuta uso wa mtu na kusahau kila kilichomzunguka. Picha iliyochapishwa hukaa mezani na kukusubiri. Kata vipande viwili vya kadibodi vyenye umbo la pembe ya fremu, uviweke juu ya picha na kuvisogeza, ili uone ingekuwaje kama ungesogea hatua moja mbele au kama ungeinama. Kaa nayo dakika kumi bila kuandika chochote. Wanafunzi hulalamika kwamba dakika kumi ni nyingi mno, na karibu wote hugundua jambo jipya baada ya dakika ya tano.

Sehemu ya kwanza: kilichomo tu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo ninapowarudisha wanafunzi mara nyingi zaidi. Andika kila kilichomo ndani ya picha bila kusifu, bila kuhukumu, na bila kueleza kitu ambacho picha yenyewe haikionyeshi. Ukiandika "mama mwenye huzuni", jiulize ni nini kwenye picha kinachoitwa huzuni. Kama ni mdomo uliofungwa na mkono ulioshika shavu, basi andika mdomo uliofungwa na mkono ulioshika shavu.

Nitaeleza kwa kirefu jinsi ilivyokuwa kwa mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, kwa kuwa sijapata mfano ulio wazi kuliko huo. Alileta picha aliyoipiga Jumamosi asubuhi ufukweni Igombe: wanawake wanne wamekaa chini ya mti, na ziwa liko nyuma yao. Maelezo yake ya kwanza yalisema, "Wanawake wachapakazi wa Igombe wakipumzika baada ya kazi ngumu ya kuanika dagaa." Nilimwomba afunike maelezo hayo kwa daftari, kisha aorodheshe vitu. Akaandika: wanawake wanne, mmoja anamsuka mwenzake nywele, mmoja anatazama kamera moja kwa moja, mtoto amelala juu ya khanga, karai mbili zimelazwa kifudifudi, nyavu zimekunjwa ndani ya mtumbwi uliovutwa nchi kavu, vichanja vitatu vya kuanikia. Alipofika kwenye vichanja akanyamaza kidogo, kisha akaongeza neno moja: vitupu.

Kama walikuwa wamemaliza kuanika, dagaa wako wapi? Tulitazama mchanga, ulikuwa laini, hauna nyayo nyingi wala magamba yanayong'aa. Akafungua simu kuangalia tarehe ya picha, na jioni ile akampigia shangazi yake anayeishi hukohuko Igombe. Jibu lilikuwa jepesi kwa mtu wa ziwani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani zikiwa karabai na siku hizi nyingi zikiwa taa za sola na betri, kwa sababu mwanga huwavuta samaki hao wadogo karibu na wavu. Mbalamwezi inapoangaza ziwa lote, taa ya mvuvi haina nguvu tena, na mitumbwi mingi hukaa ufukweni kwa siku kadhaa mpaka giza lirudi. Picha ilikuwa imepigwa siku mbili baada ya mwezi mpevu. Wanawake wale hawakuwa wamepumzika baada ya kazi. Walikuwa wakingoja mwezi upungue, na kwao siku za namna hiyo ni siku za kuishi kwa akiba.

Vitu vyote hivyo vilikuwemo kwenye picha tangu mwanzo. Vichanja vitupu, karai na nyavu vilikuwa vikisema wazi, lakini yeye alikuwa amefika Igombe akiwa na sentensi yake tayari kichwani, na sentensi ile ilimzuia kuona. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kuorodhesha kutangulie maelezo mengine yote.

Sehemu ya pili: ulichokusudia, na kilichokuzuia

Baada ya kuandika kilichomo, eleza ulitaka nini, kisha ueleze kwa lugha ya ufundi kwa nini ulikipata au hukukipata. Sentensi kama "picha haikutoka vizuri" haikusaidii kitu. Sababu hutafutwa kwenye mwanga, mahali uliposimama, kasi ya shata (yaani muda ambao kamera hubaki wazi kupokea mwanga), na muda uliongoja.

Chukua Jiwe la Bismarck, lile linalosimama majini karibu na mji wetu. Sijawahi kupokea kundi la wanafunzi ambalo halikuniletea jiwe hilo likiwa jeusi mbele ya jua linalozama. Picha hiyo si mbaya, lakini mwandishi wa tafakuri anapaswa kujua kwa nini jiwe limekuwa jeusi. Kamera hupima mwanga wa eneo zima na kujaribu kuufanya uwe wa wastani. Anga na maji vinapowaka, kamera hupunguza mwanga unaoingia, na chochote kinachotazamana nawe kutoka upande wa kivuli huzama gizani. Kama ulitaka nyufa za jiwe na rangi yake, ungegusa kioo cha simu juu ya jiwe ili kamera ipime hapo, ukubali anga iwe nyeupe. Au ungerudi asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako na likipiga uso wa jiwe unaotazama mjini. Mwanafunzi anayeandika, "Nilitaka nyufa, nikapata kivuli, kwa sababu nilikuja jioni kama kila mtu," ameandika sentensi itakayombadilisha.

Saa za mwanga wetu nazo zina tabia yake. Mwanza iko magharibi ya mbali ukilinganisha na Dar es Salaam, ilhali saa yetu ni ileile moja, kwa hiyo jua huchomoza hapa karibu dakika 25 baada ya kule. Mwaka mzima huchomoza takriban kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi, na hufika juu kabisa kati ya saa 6:30 na saa 7:00 mchana. Kwa kuwa tuko karibu sana na Ikweta, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la mchana husimama karibu utosini, na vivuli vya nyusi hufunika macho ya kila unayempiga picha. Jioni nako kiza huingia haraka, kama dakika 20 hivi baada ya jua kuzama. Anayesema "mwanga uliniishia" aandike ulimwishia saa ngapi, ili safari ijayo afike mapema.

Kinacholipata Jiwe la Bismarck huwapata pia watu. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya maji yanayomeremeta, kamera iliyoachwa ijiamulie humfanya awe kivuli kisicho na uso. Kosa hili lina historia: kwa miongo mingi kadi ambazo Kodak ilizitoa kwa maabara za kusafishia picha ili kupimia rangi zilionyesha mwanamke mweupe, na nyuso zilizokuwa tofauti na wake ziliachwa zitoke zitakavyotoka. Simu nyingi leo zimeboreshwa, lakini baadhi zina mpangilio wa kulainisha uso ambao huifanya ngozi iwe nyeupe kuliko ilivyo. Kwa hiyo katika tafakuri yako jibu swali hili bila kulikwepa: je, rangi ya mtu huyu kwenye picha ndiyo rangi yake? Kama uliongeza mwanga au ulipunguza kivuli wakati wa kuhariri, andika ulichokifanya. Kuhariri si dhambi, lakini msomaji ana haki ya kujua.

Sehemu ya tatu: watu waliomo

Picha ya mtu haimalizi kazi yake siku ulipoipiga. Mrudishie. Nenda na nakala iliyochapishwa, anza kwa shikamoo, au mwangaluka kama unakijua Kisukuma na ni asubuhi, mkabidhi picha yake, kisha usiwe na haraka ya kuuliza. Watu wengi hutazama kwanza nguo zao na nywele zao, halafu hutazama kilicho nyuma yao, na hapo ndipo huanza kusimulia. Unayoyasikia wakati huo ni sehemu ya tafakuri, hasa yanapopingana na ulichoandika. Kama mwenye picha hakuipenda, liandike hilo, na kama hataki itundikwe, usiitundike. Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, ruhusa ya mzazi au mlezi ni ya lazima katika klabu yetu. Kumbuka pia kwamba tangu Mei 2023 nchi yetu inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake.

Pana mahali ambapo maneno machache ndiyo yanayofaa. Mwanafunzi mmoja alipiga picha makaburi ya Igoma walikozikwa wahanga wa MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996, miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Rasimu yake ilisimulia ajali yote kana kwamba alikuwepo. Nilimshauri aiache ajali kwa waliopoteza ndugu zao, na yeye aandike alichokishuhudia: alitembea vipi kati ya makaburi, alisimama umbali gani, na kwa nini hakuthubutu kusogea karibu. Tafakuri iliyobaki ilikuwa ya mistari tisa, na sikuongeza hata mmoja.

Maneno ya kuangalia

Ukisharudia rasimu, tafuta maneno haya na uyaulize yanafanya kazi gani: "mandhari ya kuvutia", "uhalisia wa maisha", "maisha duni", "uzuri wa asili". Mara nyingi yamekaa mahali ambapo kitu chenyewe kingepaswa kutajwa. Neno ninalolipiga vita zaidi ni "makazi holela" chini ya picha za nyumba zilizojengwa katikati ya mawe kwenye milima ya Mabatini na Igogo. Neno hilo ni la ofisi ya mipango miji, na huko lina kazi yake, lakini wewe ulisimama mlangoni pa nyumba ya mwenzako unayesoma naye. Andika ngazi zilizochongwa kwenye jiwe, ndoo za maji zilizopandishwa kwa kichwa, na mahali ambapo ukuta wa nyumba umeegemea mwamba ili kuokoa tofali.

Pia andika kwa nafsi ya kwanza. Baadhi ya wanafunzi hufundishwa kwamba maandishi rasmi hayatumii "mimi", hivyo huandika "picha ilipigwa" na "mwanga ulionekana". Katika insha nyingine huenda inafaa. Katika tafakuri unapaswa kujitaja, kwa sababu uamuzi ulikuwa wako.

Msomaji ambaye hakuwepo

Msomee mtu mmoja kwa sauti, bila kumwonyesha picha, kisha mwombe akueleze anachokiona akilini. Halafu mwonyeshe. Pale anaposhangaa ndipo maandishi yako yalipopungukiwa au yalipozidi. Rekebisha hapo tu.

Kurudi

Mstari wa mwisho wa tafakuri uandikwe kama mpango: utarudi lini, saa ngapi, na utasimama wapi. Yule mwanafunzi wa kidato cha tatu aliandika kwamba angerudi Igombe mwezi utakapokuwa umepotea, afike kabla jua halijachomoza, alale kwa shangazi yake usiku wa kuamkia siku hiyo ili asisafiri gizani, na apige picha akiwa amechuchumaa, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa amewatazama wanawake wale kutoka juu. Alifanya hivyo. Kwenye picha ya pili vichanja vimefunikwa na dagaa wabichi wanaong'aa kama bati jipya, karai zimejaa, na yule mama aliyekuwa ameitazama kamera moja kwa moja ameinama kazini, uso wake hauonekani kabisa. Karai ya mbele imetoka na ukungu kidogo kwa sababu mikono ilikwenda haraka kuliko kasi ya shata aliyoiweka, sekunde 1/30, na hilo nalo ameliandika. Alizitundika picha zote mbili bega kwa bega, akaweka karatasi moja tu katikati yake, na mwanzoni mwa karatasi hiyo aliiacha ile sentensi yake ya kwanza, "wakipumzika baada ya kazi ngumu", ikiwa imekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu lakini bado inasomeka.